Kiti cha Ireri

Sehemu ya Sita

Wewe uliyekuta hii gazeti kwa kinyozi, na wewe uliyefungiwa nayo mandazi, nyote karibuni, sogeeni. Mwenye alikosa wiki jana nitamweleza haraka haraka halafu twende.

Kailemia ni kijana wa Meru, muuzaji wa ndizi na avokado pale soko ya Gakoromone. Babake, mzee Kiunga, alimpa shamba ya makadamia, miti imeshaanza kuzaa. Kailemia akaenda akabadilishana hiyo shamba na gari. Si lori, si pikapu. Gari ya spoti, nyekundu, milango miwili, viti viwili, imekaa chini mpaka kuku akipita mbele yake humwoni.

Mwenye alimpa anaitwa Nyamu, mtu wa Embu, mtu wa maneno kidogo. Nyamu alichukua hiyo shamba bila hata kuenda kuangalia mpaka. Akaweka funguo kwa meza, akanawa mikono, akaenda.

Tangu hapo mabaya yamekuwa yakifuatana. Mzee Kiunga alimwambia asikanyage boma yake tena. Pikapu ya kazi ikaharibika gia. Bibi yake Rwamba, msichana wa Kanja huko Embu, akaapa hataingia hiyo gari hata kama mvua inanyesha mawe.

Na wiki jana tulimwacha Kailemia ameshika simu, sauti ya mwanaume asiyemjua inamwambia hivi: "Hiyo gari nyekundu tunaijua. Sisi ni klabu ya wenye magari ya spoti. Njoo Jumamosi, Manyatta, huku Embu. Mahali yako iko."

Mahali yako iko. Haya basi.

Jumamosi asubuhi Kailemia alipita sokoni kwanza. Si kwa kazi, kazi ya nini na pikapu imelala. Alipita tu aonekane na shati ya kupigwa pasi.

"Bwana spoti!" Kajuju akamwita. Huyu Kajuju anauza kabeji, na mdomo wake unasikika mpaka kwa wauza nyanya. "Leo umebeba ndizi ngapi? Mbili? Moja mlango wa kushoto, moja wa kulia?"

Watu wakacheka. Kailemia akacheka pia, kwa meno ya mbele tu.

"Nimeitwa klabu, Kajuju."

"Klabu ya pombe?"

"Ya magari. Memba ni madaktari. Ni mainjinia wa kaunti."

"Na wewe utakaa wapi hapo? Utawauzia avokado?"

Sasa mimi nawaambia, kama Kajuju angenyamaza siku hiyo, pengine hii hadithi ingeishia Gakoromone. Kwa sababu Kailemia alikuwa bado hajajua kama atajiunga ama hapana. Lakini mtu akichekwa kila siku kwa kitu alichouzia shamba, anatafuta mahali pamoja tu duniani ambapo hiyo kitu haichekwi. Alitaka kuona hiyo mahali.

Nyumbani alimkuta Rwamba amevaa koti, ameshika mfuko.

"Unaenda wapi, Mama Kaari?"

"Naenda na wewe."

"Si ulisema hii gari hutaingia?"

"Mtoto yuko Kanja kwa cucu yake, mama yangu, nataka kumwona. Na wewe sikuachi uende peke yako kwa watu wanakuambia mahali yako iko. Iko tangu lini? Nani aliwaambia tuna gari?"

"Mama Kaari, naenda kuona tu. Sijaamua."

"Wewe hujawahi kuona kitu ukakosa kuamua. Washa tuende."

Wakawasha wakaenda.

Walifika karibu na Embu vizuri, hakuna shida. Hapo kwa barabara kulikuwa na askari wanasimamisha magari. Mmoja, mzee mzee hivi, akainua mkono. Kailemia akasimama, akatoa leseni, akateremsha kioo.

Askari hakuangalia leseni. Aliangalia gari. Akazunguka mpaka nyuma, akarudi mbele.

"Hii gari bado inatembea?"

"Inatembea, afande. Kwani kuna shida?"

Askari akaangalia Rwamba, akaangalia Kailemia.

"Endeni," akasema. "Endeni polepole."

Rwamba hakusema neno mpaka Manyatta. Na mwanamke wa Kanja akinyamaza, hapo mjue kuna maneno mengi yamepangwa foleni.

Klabu walikuwa wamekutana kwa boma moja kubwa, geti ya chuma, nyasi imekatwa. Magari yamepangwa mstari, yote ya chini, yote yanang'aa, buluu, nyeupe, nyeusi. Moshi ya mbuzi inapanda nyuma ya nyumba. Watu wanaongea, wanacheka, muziki inalia.

Gari nyekundu ikaingia geti, na ile kicheko yote ikakatika. Hata muziki mtu akazima.

Mwanaume mmoja mnene, kofia kichwani, akatembea kuja, amenyoosha mikono miwili.

"Kailemia! Muga, habari yako! Karibu Embu! Mimi ndio Njeru, mimi ndio cheamani. Hiyo ya manjano ni yangu. Egesha hapo."

Hapo ilikuwa mbele kabisa. Mbele ya magari yote, mbele ya ile ya manjano, kulikuwa na nafasi imeachwa wazi, sawasawa na gari moja.

"Cheamani," Kailemia akasema, "asante sana. Lakini nimekuja kuona tu. Bado sijaamua kama nitajiunga."

"Ona tu! Ona tu!" Njeru akacheka. "Nani amekufunga kamba? Kunywa supu, ongea na watu. Ukikosa kupenda, barabara ya Meru unaijua."

Haya, na kusema ukweli walikuwa watu wazuri. Daktari wa meno alimsalimia kwa mikono miwili. Injinia mmoja akafungua boneti ya gari nyekundu, akatingisha kichwa kwa heshima, akasema hii injini ni mali. Hakuna aliyeuliza Kailemia anauza nini. Hakuna aliyecheka. Kailemia akahisi kifua kinapanuka, maskini. Miezi yote hiyo kifua ilikuwa imekunjwa kama gunia.

Wanawake walikuwa nyuma wanaponda mukimo. Mmoja akamwita Rwamba: "Mama, si uje utusaidie kidogo?" Ataanzia wapi kukataa? Ni boma ya watu. Akavua koti, akaenda.

Na hapo, Rwamba akiwa nyuma, nyama ikaletwa.

Ilikuwa mkono mzima wa mbuzi, kuanzia bega, umewekwa juu ya ubao. Haujakatwa. Njeru akatoa kisu, akashika upande wa makali, akampa Kailemia mpini.

"Mgeni wetu ndiye atukatie leo."

Kailemia ni mtu wa soko, kisu kwake ni kama kijiko. Akakunja shati. Akafurahi hata.

"Anza na mama," Njeru akasema.

Mama mwenyewe alikuwa amekaa kwa kiti cha plastiki, kitambaa nyeusi kichwani, kimya kabisa. Kailemia alikuwa hajamwona mpaka hapo. Alikata kipande laini, akainama, akamwekea kwa mkono.

Mama akala polepole. Hakumwangalia Kailemia. Macho yake yalikuwa kwa gari.

"Sasa mimi," Njeru akasema. Kailemia akamkatia. Halafu daktari. Halafu injinia. Mmoja mmoja, kwa mstari, kila mtu anapokea, anakula, anasogea. Wa mwisho alipomeza, walipiga makofi wote. Mtu akaingia gari akapiga honi, na mwingine, na mwingine.

Rwamba alitoka nyuma amebeba sufuria. Akasimama.

"Baba Kaari. Weka hicho kisu chini."

"Nini tena?"

"Nimesema weka chini!"

Alikuwa ameshakata. Akaweka chini kisu cha kazi iliyoisha. Rwamba akamshika shati, akamvuta mpaka kando ya ukuta.

"Siku ya mahari yetu, kule Kanja, wazee walikupa nini ukate?"

"Mkono wa mbuzi. Si ulikuwa hapo?"

"Ukampa nani?"

"Wewe. Halafu mama yako. Halafu wazee."

"Kabla ukate, nilikuwa nani?"

"Msichana wa watu."

"Na baada ya kukata?"

"Bibi yangu."

"Haya," Rwamba akasema. "Leo umeoa nani?"

Kailemia alicheka, lakini alicheka peke yake. "Mama Kaari, hawa ni watu wa magari. Ni wasomi. Hiyo ni nyama tu."

"Geuka uone kama ni nyama tu."

Akageuka. Njeru alikuwa ameinama nyuma ya gari nyekundu, anabandika kitu kwa kioo. Alipomaliza akapangusa na kiganja, taratibu, kama mtu anapangusa uso wa mtoto. Ilikuwa jina, herufi nyeupe kubwa.

IRERI.

"Cheamani! Hiyo ni nini?"

"Ni yako."

"Mimi si Ireri. Ireri ni nani?"

Njeru akavua kofia.

"Ireri alikuwa memba. Kijana wa huyu mama, Ciakuthii. Hiyo gari ilikuwa yake, wakati huo ilikuwa buluu. Alienda nayo kona ya mtoni, akaanguka huko chini. Gari tuliitengeneza. Ireri hatukuweza."

Kailemia akaangalia tena hilo jina kwa kioo.

"Nyamu hakuniambia."

"Nyamu alikuwa memba. Gari tulimpa yeye aiweke, akae mahali pa Ireri. Akashindwa. Akaenda akakupa wewe." Njeru akaweka mkono begani mwa Kailemia, na ulikuwa mkono mzito. "Kila mwaka, siku kama ya leo, tunateremka mpaka hiyo kona, tunaweka maua. Gari ya Ireri inakuwa mbele. Inaenda mwendo wa Ireri, ule ule, mpaka kona. Hiyo ndiyo heshima yetu. Sisi wengine tunafuata."

"Mwendo gani?"

Mtu mmoja huko nyuma akakohoa.

"Cheamani, nilikuambia sijaamua."

"Ulikata nyama, Kailemia."

"Sikujua!"

"Wewe ni mtu umeoa. Umekata mkono wa mbuzi mbele ya watu, ukampa mama akala, ukatupa sisi tukala. Hukuuliza ni ya nini. Ungeuliza tungekuambia."

Na hiyo ndiyo ilimchoma Kailemia zaidi, kwa sababu ilikuwa kweli. Hakuuliza. Alikuwa anafurahia vile hachekwi.

Lakini Kailemia si mtu wa kukaa akisukumwa na maneno. Nyama ni nyama, akajiambia, na roho yangu ni yangu. Nina bibi hapa na mtoto pale Kanja.

"Mama Kaari, twende nyumbani," akasema kwa sauti, kila mtu asikie. "Cheamani, asante kwa supu. Sijiungi. Nimeamua sasa. Sijiungi!"

Hakuna aliyemzuia. Walifungua njia wakamwangalia anatembea. Ilikuwa rahisi hivyo, na alishangaa.

Alipofungua mlango wa gari ndipo alielewa.

Ciakuthii alikuwa amekaa ndani. Kwa kiti cha Rwamba. Amefunga mkanda, ameweka maua kwa magoti, anaangalia mbele.

Rwamba akainama kwa dirisha. "Mama," akasema kwa adabu, "hiyo ni kiti yangu. Tunaenda nyumbani."

"Itakuwa yako mkirudi nyumbani, mwari wangu. Sasa hivi ni yangu."

"Mama, tafadhali shuka."

"Ni nani ataniteremsha?"

Basi, ni nani? Mtu wa huku kwetu atamshika mama wa umri huo, mama wa marehemu, amvute kwa mkono mbele ya watu? Aende alale wapi baada ya hapo? Hata Rwamba, mwenye haogopi askari wala chifu, alirudisha mikono yake nyuma kama imeguswa na moto.

"Nitampeleka mpaka kwa barabara tu," Kailemia akamnong'oneza. "Nikitoka geti naenda upande wa mjini, si mtoni. Nazunguka namrudisha kwa mlango ingine. Ningoje hapa. Usiende na mtu."

"Kailemia."

Rwamba hamwiti mumewe jina. Tangu wazae Kaari hajawahi. Leo alimwita jina.

Kailemia akawasha. Nyuma yake gari zikawaka zote, moja baada ya ingine, mpaka udongo wa boma ukatetemeka. Akatoka geti. Akaweka indiketa ya kuenda mjini.

Magari mawili, nyeupe na nyeusi, yalikuwa yameegeshwa hapo nje, pua kwa pua. Barabara ya mjini imezibwa. Upande wa mtoni uko wazi, lami safi, inateremka.

Ile ya manjano ikaja nyuma, karibu sana. Njeru akapiga honi kidogo tu, ya upole, kama mtu anakuambia usimcheleweshe.

Kailemia akakata upande wa mtoni.

"Mama," akasema, mguu ameutoa kwa mafuta, "mimi siendi huo mwendo wenu. Nitaenda polepole. Hata wakasirike."

"Funga kioo," Ciakuthii akasema.

"Mama?"

"Kioo chako. Funga."

Akafunga. Kelele ya magari ikabaki nje. Mama akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu Kailemia aingie hiyo boma akamwangalia uso kwa uso. Hakuwa na macho ya mtu amechanganyikiwa. Yalikuwa macho ya mtu amengoja.

"Unajua nani alimpa Njeru namba yako ya simu?"

"Hapana."

"Ni mimi. Na mimi nilipewa na Nyamu. Nilimwambia Njeru, gari ya mtoto wangu iko Meru, iite, bila hiyo gari mimi siendi kuweka maua. Akaogopa watu watauliza mbona mama hayuko. Ndio akakuita."

"Kwa nini, mama? Mimi nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Nilitaka dereva asiye mtu wao." Akashika maua vizuri asiyamwage. "Ireri hakuanguka, kijana yangu. Ireri alisukumwa. Nyamu aliona, alikuwa gari ya tatu. Ndio wakampa hii gari, anyamaze nayo. Akanyamaza mwaka mmoja, akaja kwangu analia, akaniambia, halafu akakimbia."

"Alisukumwa na nani?"

"Angalia kioo cha nyuma."

Akaangalia. Ile ya manjano ilikuwa imesogea. Ilikuwa karibu mpaka namba yake haionekani, kofia ya Njeru tu, na meno yake. Alikuwa anatabasamu.

"Mbele ya watu Njeru hasemi kitu," Ciakuthii akasema. "Polisi walisema ni mwendo wa kasi. Wazee wakasema ni ujana. Lakini anajua Nyamu alinitembelea. Na leo ameona vile nimekaa ndani ya hii gari bila kulia. Ananijua mimi nikilia. Kwa hivyo leo hatatuacha tuende polepole."

Barabara ilianza kuteremka kweli kweli. Miti ikafunga pande zote mbili. Huko chini, kati ya majani, maji yakaonekana yanang'aa.

"Wewe ulikuja Embu kuamua kama utajiunga," mama akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mtu anauliza chumvi. "Haya, amua sasa. Utajiunga na hao, ama utajiunga na mimi?"

Kailemia akafungua mdomo.

Kabla neno litoke, kitu kikagusa gari nyuma. Polepole, kama mgeni anabisha mlango.